Windows 10 imestaafu, Kasulu na Kibondo zichague nini?



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa bure kwa Windows 10. Kwa mwenye duka la kuchapisha barua mjini Kasulu au Kibondo, mwenye kompyuta ya mtumba, habari hiyo si ya mbali. Windows 11 inadai ramu ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine kuukuu hukwama hapo kwenye chipu.

Azitupe? Hasha! Mifumo ya Linux kama Linux Mint au Ubuntu huingia bila kulipia leseni, na Ubuntu 24.04 inatunzwa hadi 2029. Kiswahili nacho hakikusahauliwa: mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Ila mhasibu ambaye programu yake hukubali Windows pekee abaki nayo, mashabiki wa Linux wapige kelele wapendavyo.

Seva ni habari nyingine.

Shule inayotaka kugawa masomo kwa Kolibri, programu ya kujifunzia bila intaneti, haihitaji hata skrini. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye mfumo uliojengwa juu ya Debian, aina ya Linux, hutosha, tena kwa wati chache. Miji hii miwili iliendeshwa miaka mingi kwa jenereta za dizeli kabla gridi ya taifa haijafika. Wakazi wake wanajua kuhesabu wati. Umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi huweza kuharibika, kwa hiyo fedha iliyookolewa kwenye leseni ianze kununua betri.

Msomaji,
Kasulu