Riwaya Si Uongo wa Kupitishia Wakati

Hapa Mkokotoni, mtu mzima akionekana pwani na riwaya mkononi, huulizwa ana mtihani gani. Wanaojiona wajuzi huongeza kwamba hadithi ni uongo. Atakaye kuijua Zanzibar na asome historia. Mimi nakataa.

Historia itakwambia kuwa mwaka 1948 makuli wa bandarini waligoma. Lakini namna mtoto wa kuli naye anavyoishia kuwa kuli, hilo nimelipata katika Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi. Kumbukumbu za Sayyida Salme, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, zinakuingiza mpaka ndani ya jumba la Mtoni. Raha iliyoje kuzisoma! Ila watumwa wa jumba lile unawaona kwa macho ya binti wa Sultani. Ndipo unapoihitaji Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022: si ya Unguja, lakini anayetazama humo ni mtoto aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake.

Na hao wanaotuhimiza historia tupu, msomaji, waulize wamemaliza ipi.