Ngozi bandia pekee haitaponya vidonda vya Kwale

WAKAZI wa Pwani Kusini wanajua fika gharama ya kidonda kisichopona. Mvuvi wa Shimoni aliyechomwa na taa, mgema aliyeanguka kutoka mnazini, mwendeshaji bodaboda aliyeburutwa kwenye lami ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, mtoto wa Kinango aliyemwagikiwa na uji wa moto na mzee wa Msambweni anayeugua kisukari, wote hukutana katika foleni moja: ile ya kubadilishiwa bandeji.

Kwa vidonda vya juujuu, bandeji safi na subira hutosha. Tatizo ni vidonda vilivyozama. Ngozi ya binadamu ina tabaka mbili. Ile ya juu hujirudishia yenyewe ikikwaruzwa. Ile ya ndani, ambayo ndiyo yenye nguvu, mishipa ya damu na hisia, haioti upya ikiteketea. Mwili hujaribu kuliziba pengo kwa kuvuta kingo za kidonda na kuweka kovu gumu. Ndiyo sababu mtoto aliyeungua kiwiko huweza kukua na mkono uliokunjika usionyooka tena.

Tiba ya miaka mingi imekuwa kuchuna ngozi nyembamba katika sehemu nzima ya mwili wa mgonjwa, mara nyingi pajani, na kuipandikiza penye jeraha. Tiba hii ingali msingi wa kazi yote. Hata hivyo, ina mipaka: aliyeungua sehemu kubwa ya mwili hana pa kuchuna, na ngozi nyembamba haishiki vyema juu ya mfupa au kano zilizo wazi.

Ni pengo hilo ambalo ngozi bandia ilibuniwa kuliziba. Mwaka 1981, mtaalamu Ioannis Yannas wa chuo cha MIT na daktari wa upasuaji John Burke, wote wa eneo la Boston nchini Marekani, walitangaza matokeo ya ngozi waliyoiunda kwa kolajeni ya ng'ombe na kemikali ya gegedu la papa, juu yake wakaweka utando wa silikoni. Kolajeni hiyo si ngozi kamili. Ni kama kimia ambamo mishipa ya damu na seli za mgonjwa mwenyewe hupenya na kujijenga. Baada ya wiki mbili au tatu hivi, silikoni huondolewa na ngozi nyembamba ya mgonjwa hupandikizwa juu ya tabaka hilo jipya. Marekani iliidhinisha bidhaa hiyo mwaka 1996.

Baadaye zilifuata nyingine, zikiwemo zenye seli hai, ambazo kipande kimoja huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, yaani zaidi ya Sh129,000. Nchini Iceland, kampuni moja ilianza kutengeneza ngozi ya namna hiyo kutokana na samaki aina ya kodi wa bahari ya baridi, nayo ikapata kibali cha Marekani mwaka 2013. Mjini Fortaleza, Brazil, madaktari wamewafunika watu walioungua kwa ngozi ya tilapia iliyosafishwa na kuuliwa viini vya maradhi.

Habari hizi zinaweza kumfanya msomaji wa Gazi au Vanga aulize kwa nini kaunti yenye wavuvi wengi isifanye vivyo hivyo. Swali ni zuri, lakini jibu lake halimo katika samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa Ulaya kwa wagonjwa 255 wa kisukari wenye vidonda virefu vya miguu, ulionyesha kuwa asilimia 44 ya waliowekewa ngozi ya samaki walikuwa wamepona baada ya wiki 16. Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, waliopona walikuwa asilimia 26.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili. Kwanza, tiba hiyo inasaidia. Pili, zaidi ya nusu ya walioipata hawakuwa wamepona kufikia muda huo, ingawa walihudumiwa katika hospitali zenye kila kitu. Tena, hiyo iitwayo huduma ya kawaida Ulaya ni kuondoa nyama iliyokufa mara kwa mara, kupima mzunguko wa damu mguuni, kudhibiti sukari na kumpa mgonjwa kiatu kisichokandamiza kidonda. Ngozi bandia iliongezwa juu ya hayo yote. Haikuchukua nafasi yake.

Hapo ndipo Kwale inapopaswa kujipima. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, hospitali zilizo chini ya kaunti, ikiwemo ile ya rufaa ya Msambweni, zinategemea maamuzi yanayofanywa Kwale kwenyewe. Mgonjwa anayehitaji ubingwa zaidi hupelekwa Mombasa katika hospitali kuu ya Pwani, na wengine Nairobi. Kufunguliwa kwa barabara ya Dongo Kundu mwaka 2024 kumepunguza utegemezi wa feri ya Likoni, lakini nauli, malazi ya jamaa na siku za kazi zinazopotea bado ni mzigo. Mgonjwa anayechelewa wiki kadhaa hufika na kidonda kilichooza, na ngozi bandia ikiwekwa juu ya usaha huoza pia.

Kwa hivyo, fedha za kwanza zielekezwe kwenye mambo yasiyo na mvuto wa magazetini: kisu maalumu cha kuchunia ngozi, mashine ya kuitoboa matundu ili ifunike eneo kubwa, daktari wa upasuaji mwenye mafunzo hayo, na wauguzi wa vidonda katika zahanati. Msambweni ina chuo cha mafunzo ya utabibu, na hapo wauguzi hao wanaweza kuandaliwa.

Ipo pia njia ya gharama nafuu. Utando mwembamba unaomzunguka mtoto tumboni umetumiwa na madaktari kufunika majeraha tangu mwaka 1910. Hupunguza maumivu na hulinda kidonda kwa muda, ingawa hauwezi kurudisha ngozi ya ndani iliyoteketea. Lakini si kitu cha kuokotwa wodini. Sharti mama apimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, na atoe idhini kwa maandishi, kama Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inavyotaka kuhusu viungo na tishu za binadamu. Katika jamii ambamo kondo la nyuma huzikwa kwa heshima, idhini hiyo itahitaji mazungumzo, si fomu tu.

Heshima hiyo hiyo inahitajika kuhusu bidhaa za kigeni. Nyingine hutokana na ng'ombe, nyingine na nguruwe. Katika kaunti yenye Waislamu wengi, mgonjwa ana haki ya kuelezwa asili ya kile anachowekewa kabla ya kuingia katika chumba cha upasuaji.

Wapo watakaosema kuwa kuzungumzia ngozi bandia mahali ambapo wagonjwa hununua pamba na bandeji ni anasa. Hoja hiyo ina uzito, lakini isiwe kisingizio cha kutofanya lolote. Mguu uliokatwa Diani ni mvuvi aliyeacha bahari au mhudumu wa hoteli aliyepoteza kazi. Halmashauri ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, inapaswa kulinganisha gharama ya kulipia vidonda mapema na ile ya kulipia ukataji wa miguu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwale ikianza kwa kuhakikisha kila kidonda kirefu kinasafishwa na kufunikwa ipasavyo katika siku zake za mwanzo, ngozi bandia itakapopatikana kwa bei nafuu itakuta pa kushika.