Usiuze pikipiki sababu imekataa kuwaka

Mvua zikikatika mwezi wa nne, watu wengi hapa Kolwezi wanatoa pikipiki zilizolala tangu mwezi wa kumi na moja. Unapiga kiki mara ishirini, jasho linatoka, moto haushiki. Kijana anayepita anatikisa kichwa: « Baba, hii moteri imekufa. Nitakununulia kama vyuma. » Jioni pikipiki imekwenda kwa bei ya mbuzi.

Maoni yangu ni haya: mtu asiuze pikipiki iliyolala, wala asikubali moteri yake ifunguliwe, kabla kabureta haijasafishwa mbele ya macho yake.

Ninawaambia hasa familia zilizohamishwa. Katika ripoti ya mwaka 2023, Amnesty International na shirika la hapa kwetu IBGDH walieleza namna watu wa Kolwezi walivyotolewa kwa nguvu kwenye makao na mashamba yao sababu ya kupanua migodi ya shaba na kobalti. Mtu akihama hivyo, mara nyingi pikipiki inabaki kwa lupango ya ndugu, imefunikwa magunia, miezi sita au zaidi. Huko alikohamia soko liko mbali na hospitali iko mbali. Pikipiki ndiyo miguu, na kwa motari ndiyo sahani ya watoto. Zile falanga za vyuma hazitamnunulia nyingine.

Sasa, ni nini kinachoiua? Mara nyingi ni esansi yenyewe. Esansi inazeeka. Ile sehemu yake nyepesi, inayoshika moto haraka, inaruka hewani, na kinachobaki kinakuwa kama gundi. Ndani ya kabureta kuna jigileri, kitundu chembamba kama ncha ya sindano. Gundi kidogo tu inakiziba. Tena wakati wa mvua, tangi ambalo halijajaa linaingiwa na unyevu, maji yanashuka chini, kutu inaanza.

Kwa hiyo, kwanza tazama vitu vya bure: robine ya esansi iko wazi? Swichi ya kuzima moteri iko mahali pake? Gia iko huru? Msicheke, nimeona watu wazima wakitoa jasho saa nzima sababu ya swichi. Kisha, chini ya kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Ilegeze, kinga chupa nyeupe ya plastiki, uache itulie. Ukiona maji yamekaa chini na esansi juu, au rangi imekuwa kama chai na harufu imekuwa kali ya ajabu, umepata mgonjwa wako. Mwaga yote, ya tangi pia, weka esansi mpya. Ikikataa bado, kabureta itolewe, jigileri ioshwe na kupulizwa. Usiichokoe kwa msumari. Kitundu kikipanuka, pikipiki itakunywea esansi mpaka utajuta.

Halafu buji. Itoe baada ya kupiga kiki. Ikitoka kavu kabisa, esansi haifiki. Ikitoka imelowa, esansi inafika lakini pengine cheche ndiyo hakuna. Isugue kwa brashi, ikauke, irudishe kwenye kofia yake, iguse chuma cha moteri, mtu apige kiki. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Ya njano na dhaifu, badilisha buji kwanza, ni kitu cha bei ndogo. Lakini fanya hivyo mbali na ile chupa ya esansi na mbali na mbabula. Wale wanaomimina esansi kwenye kabureta ili « kuiamsha » wanacheza na ngozi yao.

Tazama pia filta ya hewa na bomba la moshi. Vumbi letu jekundu mnalijua, na nyigu wanapenda kujenga mahali palipotulia. Batri ikiwa imekufa usikate tamaa, pikipiki ndogo nyingi zinawaka kwa kiki bila yenyewe.

Kuna kitu kimoja ambacho kinataka fundi kweli: kiki ikikwama, haishuki kabisa. Usiilazimishe kwa mguu, wala usisukume pikipiki barabarani. Pistoni inaweza kuwa imeshikwa na kutu. Tia mafuta ya moteri kidogo kwenye tundu la buji, acha usiku mzima, kisha mwite fundi. Na ukikuta mafuta ya moteri yamekuwa meupe kama maziwa, maji yameingia; yabadilishwe kabla ya kuwasha.

Mafundi wetu wengi ni watu wa heshima. Lakini fundi anayesema « niachie, urudi kesho » kwa kazi ya kabureta, mwulize kwa upole kwa nini hawezi kuifanya ukiwa umekaa hapo kwenye kiti. Akibadilisha kitu, akupe cha zamani mkononi. Vyama vya motari wa Dilala na Manika vingeweza kusimamia jambo hili kila mwisho wa mvua, fundi mmoja anayeaminika kwa kila parkingi, bei ijulikane. Mama aliyeachiwa pikipiki na mume aliyekwenda mgodini asidanganywe sababu hajui jigileri ni nini.

Na ile esansi ya zamani: usiimwage karibu na kisima, usiwashie makala. Mpelekee fundi, anaoshea vyuma.