Goti la mchezaji: kisu kwanza ao mazoezi kwanza?



Kila mara mwenzetu anapoumia goti kwenye mupira, tunasikia maneno mawili. Wamoja wanasema: "Asipopasuliwa, hatacheza tena." Wengine wanasema: "Mumupeleke kwa mzee wa kukanda." Sisi tunaona pande zote mbili zinaharakisha.

Ndani ya goti kuna kamba ngumu zinazounganisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kamba ya pembeni, upande wa ndani, mara nyingi inapona bila kisu. Ile ya katikati, upande wa mbele, ndiyo yenye matata. Mara nyingi inakatika mtu anapogeuka gafula mguu ungali umekanyaga. Ikikatika kabisa, kukanda hakuiungi. Na picha ya radio inaonyesha mifupa, siyo kamba. Kwa hiyo munganga ashike goti mwenyewe na kulijaribu.

Basi, kila kamba iliyokatika inataka kisu? Hapana. Katika inchi ya Suede, waganga walifuata vijana na watu wazima 121 wenye kuumia hivyo, wakatoa habari mwaka 2010. Watu 62 walipasuliwa mapema. Wale 59 walianza na mazoezi, wakiwa na ruhusa ya kupasuliwa baadaye. Kiisha miaka miwili, 36 kati ya 59 walikuwa hawajapasuliwa, na hali ya magoti ya makundi yote mawili ilikuwa karibu sawa. Lakini Uingereza, mwaka 2022, kati ya watu 316 ambao goti lao lilikuwa limeumia tangu zamani na lingali linawaangusha, waliopangiwa kupasuliwa walipata nafuu zaidi.

Shauri letu ni hili. Goti likijifunga lisinyooke, ao mguu ukiwa baridi ao bila kusikia kitu, mtu apelekwe hospitali siku ileile. Kama hakuna alama hizo, munganga akiisha kulipima, afanye kine kwa bidii miezi mitatu hivi: kulikunja, kulinyoosha, kutia paja nguvu, kusimama kwa mguu mumoja. Goti likishika, vizuri. Likizidi kumuangusha, ndipo jamaa wafikiri juu ya kisu. Lakini wasiuze ngombe ao shamba mbele ya kuuliza kama hospitali ile inafanya kazi hiyo, na nani atamufuata kwa mazoezi kiisha.

Maana aliyepasuliwa naye hakimbii mazoezi. Kurudi kwenye mupira mbele ya miezi tisa ni kutafuta kukatika tena. Ninyi makapiteni, musimuite muoga mwenzenu anayengoja. Mechi ni ya dakika 90. Goti ni la kulima, kupanda milima na kubeba mizigo mpaka uzee.

Mwenye wazo lingine aliandike, tutalisoma.