Mshahara Wetu Usipotelee Dukani



Mara nyingi katika ukurasa huu twasema juu ya mshahara: namna ya kuudai, namna ya kuuongeza, na namna ya kuulinda usikatwe bila haki. Leo twataka kusema juu ya mahali unakokwenda ukishalipwa. Mshahara haukai kwetu siku nyingi. Unakwenda dukani, sokoni, kwa wakala, na siku hizi unakwenda pia kwa wauzaji wa mtandao ambao hatujapata kuwaona uso. Huko njiani sehemu yake hupotea. Shilingi tulizozipata kwa mapatano ya miezi mingi zaweza kwenda kwa mizani mbovu katika asubuhi moja. Kwa hiyo namna tunavyouziwa vitu ni jambo la chama, wala si jambo la mtu na jiko lake tu.

Tuanze hapa Makindu. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na maduka yaliifuata. Allidina Visram, mfanya biashara mkubwa aliyefariki mwaka 1916, alifungua maduka mengi kando ya njia hiyo mpaka Uganda. Katika siku zile mwenye duka aliwategemea watu wa reli na abiria wao. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu reli mpya ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, gari la abiria la njia hiyo husimama Kibwezi na Emali, lakini kwetu Makindu halisimami. Maduka yetu sasa yatazama barabara kuu, yakingoja malori, mabasi na matatu.

Twataja habari hizi kwa sababu moja. Abiria wa basi hununua soda na mkate upesi upesi, kisha huenda zake Mombasa. Muuzaji mbaya ajua kwamba mtu huyo hatarudi kumwuliza juu ya chenji yake. Lakini sisi twakaa hapa. Twarudi kesho, na kesho kutwa, na mwisho wa mwezi. Haifai tuuziwe kama watu wanaopita njia.

Makosa yenyewe kila mwanachama ayajua. La kwanza ni kipimo. Ndengu na maharagwe huuzwa kwa ule mkebe wa kilo mbili tuuitao kasuku, au gorogoro. Mkebe wa wauzaji wengine umegongwa chini mpaka kitako kimeingia ndani, na mnunuzi hupata pungufu huku akilipa bei kamili. Mchuuzi wa kati afikapo kununua ndengu za wazazi wetu mashambani huleta mkebe mzima, tena hutaka ujazwe mpaka ufanye kilima juu. Hivyo mtu wetu hupunjwa anaponunua, na hupunjwa tena anapouza.

La pili ni chenji. Mnunuzi adai shilingi tano, naye hupewa peremende mbili au kiberiti asichokitaka. Ajaribu yeye kulipia unga kwa peremende aone kama zitapokewa! La tatu ni bei mbili: rafuni imeandikwa bei moja, na kwenye kaunta yasomwa nyingine. La nne ni kile kibao cha ukutani kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mtu amenunua tochi, amefika nyumbani haiwaki, akirudi huonyeshwa kibao kana kwamba ni amri ya serikali.

La tano ni heshima. Aliyevaa ovaroli lenye mafuta ya injini hungojeshwa hata mwenye shati safi aliyekuja nyuma yake ahudumiwe. Mama mzee aulizaye bei mara mbili hujibiwa kwa ukali. Pesa za mama huyo na za mwenye tai zina thamani moja, na maneno mazuri hayana gharama kwa mwenye duka.

Lakini ndugu, yafaa tuwe na haki katika neno hili. Tumtazame yule kijana au msichana aliye nyuma ya kaunta. Mara nyingi si mwenye duka. Ni mfanya kazi kama sisi, tena asiye na chama. Amefungua duka alfajiri na atalifunga usiku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na siku 21 za likizo kwa mwaka, lakini wengi wao hawajapata kuambiwa hayo. Kitu kikivunjika au hesabu ikipungua, hukatwa mshahara. Basi ukirudisha ile tochi, yeye hukataa kwa kuogopa kwamba bei yake itatoka mfukoni mwake mwisho wa mwezi. Ukali wake ni wa mtu aliyechoka na mwenye hofu. Kumtukana hakutaleta tochi nyingine. Mtu wa kuulizwa ni mwenye duka, kwa kuwa ndiye anayeweka masharti na ndiye anayepata faida.

Wako pia wanaouza vizuri, nao wastahili kusifiwa. Yuko mwenye duka ambaye mizani yake iko mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma. Yuko mama wa sokoni ambaye nyanya zikiwa na iliyooza chini huitoa mwenyewe kabla hujaiona. Yuko fundi asemaye wazi, "Simu hii haitatengenezeka, usipoteze pesa zako." Watu hawa hawakusomea biashara katika chuo. Wajua tu kwamba mnunuzi aliyetendewa haki hurudi, tena huja na jirani yake.

Tena Makindu ina mfano ambao wasafiri wa nchi nyingi waujua. Ni hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, na ambalo asili yake ni watu wa dini hiyo waliofanya kazi ya reli. Msafiri akifika pale hupewa chakula bila kulipa, na aliyechelewa hupewa mahali pa kulala. Haulizwi dini yake wala kabila lake. Avua viatu, afunika kichwa, aketi pamoja na wengine, ala. Hatusemi maduka yagawe unga bure, kwa maana duka lisilo na faida hufungwa. Lakini kama mtu asiyelipa hata senti aweza kupokewa kwa heshima katika mji huu, basi anayelipa asikose heshima hiyo ng'ambo ya barabara.

Sasa tuje kwa biashara ya mtandao, maana huko ndiko wenzetu wengi wanakoumia. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 tulishangaa kuona pesa zikienda nyumbani kwa dakika moja. Leo kwa simu hiyo hiyo mtu aliye Makindu hununua viatu, redio au sola kutoka Nairobi bila kupanda basi. Ni jambo jema, nasi hatulipingi. Laweza kumpa mfanya kazi wa mji mdogo vitu ambavyo duka la karibu halina, au linaviuza kwa bei ya kutisha.

Lakini katika duka la mji, mabaya yote tuliyoyataja hutendeka mbele ya macho yako. Muuzaji umemwona, mlango waujua, na ukikasirika waweza kurudi. Katika mtandao kaunta haipo. Iko picha na nambari ya simu tu. Mwanachama mmoja wa hapa aliona picha ya buti za kazi, akatuma shilingi 2,500, akalipa na nauli ya mzigo. Aliomba saizi ya tisa. Zilizofika ni za saba, na soli ya mguu mmoja imepasuka. Alipopiga simu aliambiwa atume kwanza nauli ya kurudisha. Alipouliza mara ya pili, nambari yake ilikuwa imefungiwa. Buti hizo zingali nyumbani kwake, wala hazina mtu wa kuzivaa.

Iko pia desturi mbaya ya kuficha bei. Muuzaji huweka picha ya kitu, na watu wakiuliza kinauzwa pesa ngapi hujibu, "Njoo inboksi." Huko huulizwa kwanza wewe ni nani na wakaa wapi, kisha bei hukatwa kwa kukutazama. Muuzaji mwenye nia njema huandika bei hadharani, huonyesha kitu chenyewe na kasoro zake, hutaja mahali alipo, na hukubali kulipwa baada ya mzigo kufunguliwa. Wauzaji wa namna hiyo wapo, nasi twawaombea wazidi.

Wengine hudhani kwamba mambo haya hayana sheria. Si kweli. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki na haki ya kuwa katika chama. Hicho twakijua vizuri. Lakini soma mbele kidogo, kifungu cha 46: mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora ufaao, kupewa habari zinazomhitajia, kulindwa afya yake, usalama wake na mali yake, na kulipwa fidia akipata hasara kwa ajili ya kasoro ya kitu. Haki hizo mbili zimo katika sura moja, na mtu anayezidai ni yule yule. Tena Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012 yataka anayeuza kwa mtandao ampe mnunuzi habari za kitu na bei yake kabla hawajapatana, na ampe nafasi ya kukubali, kukataa, au kusahihisha makosa. Na kile kibao cha ukutani hakiwezi kufuta haki ambayo sheria imempa mnunuzi.

Neno moja kwa sisi wenyewe. Mtu wa reli naye ni muuzaji. Twauza safari na twauza uchukuzi. Mzee afikapo stesheni Emali au Kibwezi na hajui kukata tiketi kwa simu, yeye ni mnunuzi mbele ya dirisha letu, nasi ndio duka. Heshima tunayoitaka dukani, naye aipate kwetu.

Basi twafanye nini? Twatoa mashauri haya:

1. Nunua penye mizani, na uisome wewe mwenyewe. Mizani ya biashara yatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri. Ukiwa na shaka, mwambie afisa wa vipimo wa kaunti.

2. Dai risiti, hata ya kitu kidogo. Ujumbe wa M-Pesa nao uutunze, usiufute.

3. Katika mtandao, usitume pesa kabla ya kuona mzigo ikiwa waweza kulipa ukifika. Kabla ya kutuma, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si jina mliloambiana, simama hapo.

4. Ukiibiwa, usinyamaze kwa aibu. Nenda polisi, upate nambari ya OB. Malalamiko ya wanunuzi hupokewa pia na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Tena ziko Mahakama za Madai Madogo, ambazo ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Zasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

5. Duka likiwakosea wanachama mara kwa mara, tusiende mmoja mmoja kwa hasira. Kamati iende kwa mwenye duka kwa adabu, na risiti mkononi. Mtu mmoja akihama duka hakuna ajuaye. Wanachama wote wakihama, mwenye duka atajua kabla ya wiki kwisha.

6. Tuseme na wale vijana wa kaunta. Tuwaeleze haki zao, na kwamba vyama vipo hata kwa watu wa maduka. Anayefanya kazi kwa haki hupata nafasi ya kuwatendea wengine haki.

Jambo hili si jipya. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafanya kazi walichoshwa na wenye maduka waliopunja vipimo na kuchanganya vyakula na takataka ili uzito uongezeke. Mwezi wa Desemba 1844 watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka lao wenyewe. Lilikuwa na siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa, basi. Lakini vitu vilikuwa safi, vipimo vilikuwa kamili, na faida iligawanywa kwa wanunuzi kadiri ya manunuzi yao. Katika duka hilo dogo vyama vya ushirika vya nchi nyingi vimepata mfano, pamoja na vya kwetu.

Hatusemi tawi letu lifungue duka kesho. Twasema kwamba wanachama wanaoweza kukaa meza moja na mwajiri wa maelfu ya watu hawawezi kushindwa na mkebe uliogongwa kitako. Jambo hili litaletwa katika mkutano ujao wa tawi. Mwenye risiti na aje nayo, na mwenye habari ya muuzaji mwema aje nayo pia, tupate kujua tutakakopeleka pesa zetu.

Umoja ni nguvu.