Ajali Hii Ina Kinga, Inauzwa Duka la Spea

Wasee wa Malindi na Kilifi, leo tugombane kidogo.

Kila wiki mnanitumia video ya Peugeot 504 ya mzee fulani imefufuliwa. Rangi mpya, rimu zinameta, picha imepigwa kando ya bahari. Poa sana. Halafu inakuja ile sehemu ya gereji: springi ya mbele imefungwa kwa kamba na waya, kijana anayejifunza kazi anafungua nati ya juu, uso wake uko pale pale juu ya shokapu. Komenti zimejaa: "Fundi mkali!" "Ubunifu wa Mwafrika!"

Ubunifu gani? Hiyo ni bahati, na bahati haina spea.

504 si gari la mchezo, najua. Ilishinda Safari Rally 1975 na Ove Andersson, ikarudi ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Hapa Kenya iliendelea kuunganishwa mpaka 2004. Wazazi wetu waliipanda kwenda Mombasa wakati Kilifi bado kunavukwa kwa feri, kabla ya daraja la 1991. Kwa hivyo mapenzi yenu nayaelewa. Lakini mapenzi ya rangi pekee ni ya kiki.

Sikizeni hesabu. Gari lina uzito wa kilo kama 1,200, na kila kona inabeba mamia ya kilo. Ukipiga jeki, tairi linaning'inia, mnadhani springi imelala. Haijalala. Bado imebanwa kwenye shokapu, na kinachoizuia isiruke ni ile nati moja ya juu. Ifungue bila kuibana, na nguvu yote inatoka kwa kufumba na kufumbua. Kamba haijui kusema "ngoja".

Kazi yenyewe inajulikana. Gari likae kwa stendi, si jeki peke yake, na tairi za nyuma ziwekewe vizuizi. Klampu za springi ziwe mbili, zikabiliane, zikazwe kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, kwa spana ya mkono. Springi ikishaachana na kiti chake na inacheza, ndio nati ya juu iguswe. Na hakuna kichwa cha mtu juu yake. Hapa kwetu kuna na chumvi ya bahari: springi iliyoliwa na kutu ipigwe brashi na ikaguliwe kwanza, maana klampu ikiteleza ni yale yale.

"Lakini fundi amefanya hivi miaka thelathini!" Sawa. Na yule kijana ana miezi mitatu. Bahati ya fundi hairithiwi.

Na simlaumu fundi sana. Namlaumu mwenye gari. Rimu nne umelipa bila kupepesa macho, ukifika kwa kazi ya springi unalia, "Fundi nipunguzie, mimi ni wako." Fundi atanunua klampu na pesa gani?

Ugonjwa huo huo uko kwa kabureta. Solex ikianza kusumbua, badala ya kuisafisha, kubadilisha gasketi na sindano ya chemba ya mafuta, mnaing'oa na kupachika ya Nissan iliyolala kwenye rafu. Matundu yake yamepimwa kwa injini nyingine. Ikikunywesha petroli kama harusi, mnasema gari la kizamani ndivyo lilivyo. Hapana, ndivyo mlivyolifanya.

Kama kweli imekufa na lazima ibadilishwe, weka inayolingana na injini hiyo. Injini iwe baridi, waya wa hasi wa betri utolewe, sigara iwe mbali, na tundu la manifoldi lizibwe kwa kitambaa safi nati isidondoke ndani. Halafu angalia ile springi ndogo inayorudisha mafuta ukiachilia pedali. Mafundi wa haraka huiacha nje au huweka mpira. Siku ikikwama uko spidi unashuka kuelekea daraja la Kilifi, utajua kwa nini iliwekwa.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia, "Wewe uliacha chuo, unatufundisha nini?" Niliacha chuo, ndio. Macho yangu sikuyaacha huko.

Mtasema ajali haina kinga. Hii inayo, na inauzwa duka la spea, jozi moja ya klampu inayotumika miaka na miaka. Wenye 504 watano mkichanga, gereji yenu mnayoipenda inayo kufikia Ijumaa.

Kwa hivyo ukipeleka gari, kabla ya kuuliza bei, uliza: "Fundi, klampu ziko wapi?" Kama hakuna, usitoe simu kurekodi. Toa pesa.