Sista, nipe dawa: Kabla hujafungua chupa

Mwanafunzi wa uuguzi hana likizo mtaani. Majirani wakishasikia kwamba binti wa fulani yuko katika chuo cha uuguzi, humgeuza daktari wa ploti nzima. Jumamosi jioni, akiwa amekuja nyumbani kufua sare zake, mlango hubishwa. Ni Mama Kamau wa nyumba ya tatu, mtoto mgongoni na chupa mkononi. "Sista, hebu nisaidie. Huyu mwili wake unachoma kama jiko, na hii dawa sijui nimpe kiasi gani."

Msomaji mpendwa, ungekuwa wewe ndiye sista huyo ungefanyaje? Juma hili nazungumza hasa na wanafunzi wa uuguzi, lakini wazazi nao wasigeuze ukurasa. Dawa nyingi hunywewa nyumbani, na anayezitoa huwa mama, baba au dada mkubwa. Kwa hivyo, yale anayofundishwa muuguzi darasani yanakuhusu wewe pia uliye jikoni na kijiko mkononi.

Karibu miaka 500 iliyopita, tabibu mmoja wa Uswizi kwa jina Paracelsus (1493-1541) alifundisha kwamba hakuna kitu kisichokuwa na sumu ndani yake, na kwamba kipimo ndicho kinachoamua iwapo kitu kitaponya au kitaua. Fundisho hilo bado ndilo msingi wa elimu yote ya dawa hadi leo.

SAFARI YA DAWA MWILINI

Dawa husafiri kwa hatua nne. Kwanza hufyonzwa, na dawa inayomezwa hufyonzwa zaidi katika utumbo mdogo. Pili husambazwa na damu hadi inapohitajika, na pia hadi pasipohitajika, ndiposa kuna madhara ya kando. Tatu huvunjwavunjwa, na kazi hiyo kubwa hufanywa na ini. Nne hutolewa nje, hasa na figo kupitia mkojo.

Ukizielewa hatua hizo nne, maagizo mengi yaliyoonekana kama sheria tupu huwa na maana. Kwa nini mzee mwenye figo dhaifu hupunguziwa dawa fulani? Kwa sababu mlango wa kutokea umekuwa mwembamba, na dawa hurundikana ndani. Kwa nini mtoto mchanga hapewi dawa kiholela? Kwa sababu ini na figo zake hazijakomaa. Na kwa nini mama anayemeza tembe za madini ya chuma huambiwa asizimeze pamoja na chai? Kwa sababu chai huyazuia madini hayo yasifyonzwe vyema.

Chukua pia maneno "mara tatu kwa siku". Wengi wetu huyatafsiri kuwa kiamsha kinywa, chakula cha mchana na cha jioni. Lakini dawa kama amoksilini huondoka mwilini upesi sana. Nusu yake huwa imetoka katika damu kwa muda wa saa moja hivi. Ukiinywa saa moja asubuhi, saa saba na saa moja jioni, kisha ukalala, viini vya ugonjwa vinapata usiku mzima wa kupumua. "Mara tatu" maana yake ni kila baada ya saa 8. Kinyume chake, dawa kama azithromaisini hukaa mwilini kwa siku kadhaa, ndiyo sababu hunywewa mara moja tu kwa siku.

HESABU YA MAMA KAMAU

Sasa turudi kwa ile chupa. Tuseme ni dawa ya maji ya parasetamoli, ile ambayo wengi huiita Panadol hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, bila kupita mara 4 kwa siku nzima ya saa 24.

Mtoto ana kilo 12. Ukichukua miligramu 15 mara 12, unapata miligramu 180. Soma lebo: chupa inasema miligramu 120 katika kila mililita 5. Kanuni ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua hata akiamshwa usingizini ni hii: kiasi kinachotakikana, gawanya kwa kiasi ulicho nacho, kisha zidisha kwa ujazo wake. Yaani 180 gawanya kwa 120, mara 5. Jibu ni mililita 7.5.

Hesabu imekwisha? Hapana. Kuna dawa hiyo hiyo ya maji yenye nguvu zaidi, miligramu 250 katika kila mililita 5, iliyokusudiwa watoto wakubwa. Ukipima zile mililita 7.5 kutoka chupa hiyo bila kusoma lebo, mtoto amemeza miligramu 375, zaidi ya maradufu ya anachostahili. Chupa zafanana, rangi zafanana, na ladha ni tamu ile ile. Tofauti iko katika nambari moja ndogo kwenye karatasi.

Na kijiko nacho? Vijiko vya jikoni havitoshani. Tumia kikombe kidogo cha kupimia kilichokuja na dawa, au bomba la sindano lisilo na sindano, uliloulizia katika duka la dawa.

Hatari ya parasetamoli ni kwamba haitishi. Aliyezidisha sana anaweza kujisikia vizuri siku ya kwanza, akacheza na kula, ilhali ini linaharibika polepole. Dawa ya kuzuia madhara hayo ipo, lakini hufanya kazi vyema zaidi ikitolewa katika saa 8 za kwanza. Kwa hivyo, mtoto akipatikana amekunywa chupa nzima, usingoje aonekane mgonjwa. Beba chupa, beba mtoto, nenda hospitali. Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Mzazi anayempa mtoto zote mbili amempa dawa moja mara mbili. Nayo aspirini, mtoto aliye chini ya umri wa miaka 16 asipewe isipokuwa kwa amri ya daktari, kwani inaweza kumletea ugonjwa adimu lakini wa hatari wa ubongo na ini.

MAMBO MATANO WADINI

Wauguzi wamefundishwa kwa miaka mingi kujiuliza maswali matano. Je, huyu ndiye mgonjwa? Hii ndiyo dawa? Hiki ndicho kipimo? Hii ndiyo njia? Huu ndio wakati? Siku hizi vyuo huongeza mengine, hasa la sita: je, nimeandika?

Maswali haya yaonekana rahisi mpaka uwe wadini saa tisa za usiku, wagonjwa 40, wauguzi wawili, na kitanda cha 7 na cha 9 wote wanaitwa Mary Wanjiku. Usimwulize mgonjwa, "Wewe ni Mary?" Mtu mwenye homa kali huitikia jina lolote. Mwulize, "Jina lako kamili ni nani?" kisha ulilinganishe na nambari yake ya hospitali.

Dawa nazo zina majina yanayofanana kama mapacha. Haidralazini hushusha shinikizo la damu, haidroksizini hutuliza mwasho wa mzio. Herufi chache tu zimezitenganisha. Ndiyo maana lebo husomwa mara tatu: unapoitoa dawa rafuni, unapoipima, na kabla ya kumpa mgonjwa.

Mwandiko pia huua. Nusu miligramu iandikwe 0.5, kamwe isiandikwe .5, kwani nukta ikififia mgonjwa atapewa 5, mara kumi zaidi. Vivyo hivyo, tano iandikwe 5 wala si 5.0, isije ikasomwa 50. Na katika insulini ya wagonjwa wa kisukari, andika neno zima "yuniti". Herufi U peke yake imewahi kudhaniwa kuwa sifuri.

Usidhani haya ni matatizo ya nchi maskini pekee. Mwaka wa 2017, Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kupunguza madhara ya dawa kote ulimwenguni, na likakadiria kwamba makosa ya dawa hugharimu dunia dola bilioni 42 za Marekani kila mwaka.

TEMBE ZILIZOBAKI

Nyumba nyingi zina mfuko wa tembe zilizobaki. Zilibaki kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu mgonjwa alipata nafuu, akaacha.

Tazama dawa mseto ya malaria, ambayo Kenya iliichagua mwaka wa 2004 kuwa dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida. Mtu mzima humeza tembe 4 kwa mara 6 katika siku 3, jumla tembe 24. Dozi ya pili hufuata baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili ifyonzwe vyema. Siku ya pili homa imeshuka, naye mgonjwa anaweka tembe zilizobaki "za kusaidia siku nyingine". Vimelea vichache vilivyosalia hurudi na nguvu mpya, na anayekuja kupewa tembe hizo 8 naye hapati dozi kamili. Wawili wametibiwa nusu nusu, hakuna aliyepona.

KUSEMA HAPANA

Lililo gumu zaidi kwako mwanafunzi ni jirani anayeleta sindano. "Nilinunua mwenyewe, nidunge tu, mbona unaringa?" Mwenye kudungwa penisilini anaweza kupatwa na mzio mkali, akavimba koo na kuishiwa pumzi kwa dakika chache. Hospitalini kuna adrenalini karibu. Sebuleni kwenu kuna nini? Isitoshe, sindano iliyodungwa mahali pasipofaa pa tako inaweza kumjeruhi mtoto neva kubwa ya mguu akachechemea maisha yake yote. Kilichomezwa kinaweza kutapikwa, kilichodungwa hakirudi.

Basi mjibu kwa heshima: "Mama, nakupenda wewe na mtoto, ndiyo maana sitamdunga hapa. Twende nikusindikize kliniki." Na ukiona mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege au haamki vizuri, achana na mambo ya hesabu na vijiko. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Na ukikosea je? Utakosea siku moja, kwani wewe ni binadamu. Siku hiyo usimeze siri yako. Mwangalie mgonjwa kwanza, mwite mkubwa wako, useme ulichotoa na saa uliyokitoa, kisha uandike. Utakaripiwa, huenda ukalia chooni. Lakini kosa lililosemwa mapema mara nyingi hurekebishwa. Lililofichwa hugunduliwa wakati mgonjwa hawezi tena kusaidiwa.

Kwenu wazazi, leo jioni fanyeni jambo moja. Mwageni ule mfuko wa dawa mezani. Zilizopita tarehe, zisizo na lebo na zile msizozijua, zirudisheni katika duka la dawa au zahanati. Msizitupe chooni wala jaani watoto wanapocheza. Zinazobaki ziwekwe juu, mbali na joto na mikono midogo. Wala msimwambie mtoto kwamba dawa ni peremende ili aimeze. Siku atakapobaki peke yake, atazitafuta peremende hizo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaangalia sababu ya baadhi ya viuavijasumu kutofanya kazi tena. Hadi wakati huo, soma lebo, na usione haya kuuliza.